Kabuti, Jaketi ya Ngozi na Njia Tulizopita
Historia ya nguo za baridi kwenye ziwa la joto



Kila balo ya nguo inapofunguliwa hapa kwetu, kuna swali moja ambalo halikosi: "Hii makoti yote, na hii joto, tutavalia wapi?" Wafadhili nao wanauliza kwa upande wao, kwa adabu kidogo: je, ni akili kutuma nguo za baridi kwenye muji ambao watu wanalala bila blanketi? Na vijana wetu wanauliza swali la tatu: kwa nini papa na mama wanaweka sandukuni koti ambalo hawalivai, na ukitaka kuliuza wanakasirika?

Makala hii inajibu maswali yote matatu kwa pamoja. Kwa kifupi jibu ni hili: kwetu sisi tuliorudi, nguo ya baridi ni nguo ya njia. Wengi wetu tulipoteza karatasi zote: kitambulisho, diploma, picha za arusi, hati ya kiwanja. Koti halikupotea, kwa sababu lilikuwa mgongoni. Ukijua kulisoma, koti litakuambia mtu alipita wapi na mwaka gani. Ukijua kulitunza, litamvusha mtu mwingine tena.

Baridi yetu iko wapi?

Uvira iko kando ya Tanganyika, kwenye kimo cha mita 775 hivi juu ya bahari. Mchana jua linachoma kabisa. Lakini inua macho upande wa magharibi: milima inaanza pale pale nyuma ya nyumba za mwisho, na ukiifuata mpaka Itombwe unakuta Mlima Mohi, wenye mita 3,475. Bijombo na Minembwe ziko juu ya mita 2,000. Hewa inapoa karibu digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mtu akiacha digrii 30 hapa Mulongwe, huko juu atakuta 20 mchana, na usiku chini zaidi, na ukungu, na mvua ya upepo. Wale waliokimbilia kule na watoto wakati wa vita wanajua: baridi ya juu haina mchezo, inaua mtoto mchanga kama risasi.

Ukienda kaskazini ni hivyo hivyo. Unapita Sange, Luvungi na Kamanyola katika joto la tambarare ya Ruzizi, kisha gari linapanda Ngomo, na kabla ya Nyangezi abiria wote wameshaanza kutafuta sweta. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi.

Na hata hapa chini baridi ipo kwa wale wanaofanya kazi saa ambazo wengine wamelala. Muvuvi wa ndakala anatoka jioni na taa zake, anakaa katikati ya maji mpaka alfajiri, nguo zimelowa na upepo unapiga. Motari anaondoka saa kumi na moja asubuhi akiwa amefunga jaketi nzito mpaka shingoni, na anaivaa hata saa sita mchana, maana inamkinga na vumbi, na siku akianguka inamkinga ngozi. Zamu wa usiku anakaa mlangoni kwa tajiri na kabuti lake. Kwa hiyo yule anayecheka koti la Uvira ni yule ambaye hajawahi kufanya kazi ya usiku.

Kabuti la askari

Wazee wetu hawakusema "koti ya baridi." Walisema kabuti. Ni koti refu, zito, la sufu, linaloshuka chini ya magoti. Neno hili liko katika Kiswahili, na katika Kirundi na Kinyarwanda wanasema ikabuti. Linafanana na capote ya Wafaransa na ya Wareno, yaani koti refu la safari au la askari. Jina lenyewe limeshatembea.

Vita Kuu ya kwanza ilifika mpaka mlangoni petu. Wajerumani walishika ng'ambo ya pili, Wabelgiji walishika huku, na ziwa likawa uwanja wa mapigano ya meli. Mwaka 1916 Force Publique chini ya Jenerali Tombeur ilivuka mashariki: Juni waliingia Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, na tarehe 19 Septemba waliingia Tabora. Nyuma ya askari hao walitembea wabeba mizigo, zaidi ya laki mbili kwa hesabu ya vita nzima. Wengi walikuwa watu wa Kongo ya mashariki, walitolewa vijijini kwa nguvu, na wengi hawakurudi. Tukisema sisi ni chama cha waliorudi, tukumbuke kwamba katika nchi hii kurudi kulikuwa na thamani zamani sana kabla yetu. Mwaka 1941 askari wa Kongo walikwenda mbali zaidi, mpaka milima ya Abisinia, ambako Waitaliano walijisalimisha mbele yao huko Saïo mwanzo wa Julai.

Baada ya kila moja ya vita hivyo viwili, Ulaya na Amerika zilibaki na milima ya makoti ya jeshi ambayo hayana kazi tena. Yalifungwa, yakauzwa kwa bei ndogo, na mengi yakaishia Afrika. Hapo ndipo kabuti lilipotoka mgongoni mwa askari na kwenda kwa mchungaji wa ng'ombe, kwa chifu na kwa zamu. Katika nyanda za juu za Kongo, Burundi na Rwanda lilikuwa vazi la mzee mwenye heshima: kabuti, kofia na fimbo. Mzee wa namna hiyo akisimama penye mkutano, watu wananyamaza kwanza.

Lakini tuseme na upande wa uchungu. Siku zilipochafuka, ile kabuti na ile fimbo vilitosha kwa mtu kupachikwa kabila na kuhukumiwa kabla hajafungua mdomo. Wengine waliyaacha makabuti yao barabarani ili wapite. Ndiyo maana mzee akikataa kuuza kabuti lake, tusifikiri ni ubahili. Huenda aliwahi kulivua kwa hofu, na sasa anataka alivae kwa amani.

Balo, chaguwa, mitumba

Biashara ya nguo kuukuu haikuanza na sisi. Tayari wakati wa Kongo ya Wabelgiji nguo hizo zilikuwa zinaingia nchini kwa wingi, hata wafanyabiashara wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, walikuwa wakivuka Luapula kuja kuzitafuta upande wa Kongo. Zambia leo wanaziita salaula. Kinshasa walisema tombola bwaka, yaani inua, tupa. Sisi Kivu tunasema chaguwa, na jirani zetu wa Rwanda na Burundi vilevile. Waliokaa Nyarugusu wamerudi na neno la Tanzania, mitumba. Katika mkutano wa chama chetu utasikia yote mawili kwa dakika moja, na ukisikiliza vizuri unajua nani alivuka ziwa na nani alibaki.

Kwetu mzigo unafuata njia za zamani. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo kinachoshuka bandarini Dar kinaweza kufika Kalundu kwa reli na kwa meli. Njia nyingine inapita Bujumbura na mpaka wa Kavimvira. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wachuuzi wa Uvira waliokuwa wananunua pale waliumia pamoja na wenzao Warundi.

Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza nguo hizi mpaka ziishe kabisa, ili viwanda vya ndani vipate nafasi. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 mpaka dola 2.50 kwa kilo. Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kusimamisha nafasi ya nguo za Rwanda kuingia kwake bila ushuru. Kongo, ambayo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, haikufunga mlango, na chaguwa imebaki kazi ya mama wengi sokoni Mulongwe na Maendeleo. Hoja ya viwanda ni ya haki, na fundi cherehani wetu anaijua maumivu yake. Lakini koti zito la sufu hakuna anayelishona hapa. Katika mambo ya baridi, koti kuukuu halijamnyang'anya fundi kazi. Linamletea kazi: kubadilisha zipu, kupunguza mikono, kuweka bitana mpya.

Ngozi na heshima

Jaketi ya ngozi ina historia yake. Marubani wa Vita Kuu ya kwanza waliivaa kwa sababu ndege zao zilikuwa wazi na baridi ya juu ni kali. Mwaka 1928 huko New York, Irving Schott alishona jaketi fupi ya waendesha pikipiki, yenye zipu mbele, akaiita Perfecto. Sinema ya mwaka 1953 iliyomwonyesha Marlon Brando akiivaa ilifanya vijana wa dunia nzima waitamani. Léopoldville ya miaka hiyo nayo ilikuwa na vijana walioitwa Bills, waliovaa na kutembea kama watu wa sinema za cowboy.

Kisha ukaja wakati wa Zaire. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 Mobutu alikataza suti na tai, akaleta abacost, jina linalotoka kwenye maneno ya Kifaransa ya kusema chini suti. Nguo ikawa siasa. Ndiyo maana vijana wa la Sape, waliomfuata Papa Wemba na kundi lake Viva la Musica, lililoanzishwa mwaka 1977, waliposhindana kwa makoti na ngozi kutoka Paris na Brussels, haikuwa majivuno matupu. Walikuwa wanajichagulia wenyewe sura yao katika nchi ambayo serikali ilikuwa inawachagulia. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza vyama vingi, na siku hiyo hiyo tai ikaruhusiwa. Wazee wetu wanaikumbuka siku hiyo kwa yote mawili.

Hapa Mashariki jaketi ya ngozi ilikuwa ya dereva wa lori, ya muchuuzi wa dhahabu, ya mwalimu aliyerudi kutoka masomo ya mbali. Ilikuwa pia akiba. Mtu aliinunua siku ya faida na kuiuza siku ya ugonjwa. Wengi waliovuka ziwa mwaka 1996 walilipa chombo kwa saa ya mkono, kwa redio au kwa jaketi ya ngozi.

Ziwa, kambi na kurudi

Sisi wa pwani hii tumekuwa wakimbizi na tumekuwa wenyeji. Mwaka 1972 Warundi walikimbilia kwetu, na tena baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Mwaka 1994 walifika Wanyarwanda. Oktoba 1996 vita viliingia Uvira, na zamu ikawa yetu. Watu walivuka mpaka Kigoma, na kambi za Nyarugusu na Lugufu zikajaa. Mwaka 2015 Warundi walikuja tena, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa huku Fizi.

Katika kambi za Kasulu usiku wa Juni na Julai ni baridi, na hema halizuii upepo. Hapo wengi wetu tulipata koti letu la kwanza la mitumba, kutoka mgawo au kwa kubadilishana na unga. Koti moja lilikuwa nguo mchana, blanketi usiku, na mlango wa hema mvua ikinyesha. Kuanzia Oktoba 2005 meli zikaanza kuturudisha kutoka Kigoma, na wa kwanza walishukia Baraka. Kila familia na kifurushi chake, na juu ya kifurushi, koti lililokunjwa.

Wengine hawakurudi moja kwa moja. Kutoka Nyarugusu walipelekwa Marekani na Kanada. Kule, mashirika yaliyopokea wakimbizi kwa niaba ya serikali ya Marekani yalitakiwa kuwapatia nguo za majira, na kwa mtu aliyefika Januari hiyo maana yake ilikuwa koti nene. Leo ndugu hao ni wafadhili wetu, na wanatuma makoti yao ya kwanza huku nyumbani. Duara limefungwa: nguo iliyoanza kama msaada kwa mgeni inarudi kama zawadi ya ndugu.

Kusoma umri wa koti

Hapa ndipo vijana wanaweza kutusaidia sana, maana kusoma lebo ni kazi ya macho mazuri. Koti lenyewe linatoa ushahidi, bila kungoja mtu akumbuke:

Lebo inayosema "Made in West Germany" ni ya kabla ya Oktoba 1990, mwezi ambao Ujerumani mbili ziliungana. Inayosema Czechoslovakia ni ya kabla ya 1993.

Lebo ya Marekani yenye maelezo ya kufua, iliyoshonwa ndani, kwa kawaida ni ya kuanzia 1972, mwaka ambao sheria ya kule ilianza kuyadai. Ikiwa na michoro peke yake bila maneno, ni ya kuanzia 1997.

Lebo ndogo ya chama cha washonaji cha ILGWU yenye rangi tatu, nyekundu, nyeupe na buluu, ni ya kati ya 1974 na 1995.

Herufi YKK kwenye zipu ni jina la kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1934. Hizo hazikupi mwaka, msidanganyike.

Kisha muulize mwenye koti mambo manne: ulilipata wapi, mwaka gani, kwa nani, na nani alilivaa kabla ya wewe au baada yako. Andika pembeni ya umri wa lebo. Lebo na kumbukumbu zikikubaliana, tuna ukurasa wa historia. Zikipingana, tuna mazungumzo mazuri ya jioni.

Adui wa nguo hizi hapa Uvira

Maji ndiyo adui wa kwanza. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mwaka 2021 na tena 2024 ziwa lenyewe lilipanda na kuingia katika nyumba za Kalundu na Kavimvira. Masanduku mengi yaliondoka na maji, na mengine yalibaki yakaota ukungu. Adui wa pili ni unyevu wa masika, Oktoba mpaka Mei. Wa tatu ni nondo, panya na mchwa. Wa nne ni mkono wa mwenyewe asiyejua. Basi tujifunze.

Ngozi ya kweli. Kwanza ijue. Ukiangalia ukingo uliokatwa au upande wa ndani, utaona nyuzi nyuzi kama za kitambaa cha suede. Tone la maji, likikaa, mara nyingi linaingia na kuacha doa jeusi kwa muda. Usijaribu kwa kiberiti, utaharibu koti na hutajua kitu zaidi.

Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni ya glisirini, kisha kitambaa kikavu. Ikilowa, iweke kivulini penye upepo, siyo juani wala karibu na mbabula, kwa kuwa ngozi ikikaushwa kwa moto inakuwa ngumu na kupasuka, na hairudi. Mara moja au mbili kwa mwaka ipake kiasi kidogo cha mafuta ya ngozi ya viatu yasiyo na rangi, ukijaribu kwanza mahali pa kificho. Usipake mawese. Tunajua wengi mlifundishwa hivyo, lakini mawese yanaoza, yananuka, na panya anaifuata harufu mpaka kwenye mfuko.

Ukungu mweupe ukitokea, toa koti nje kabla ya kupangusa, ili vumbi lake lisienee chumbani wala usilivute. Pangusa kwa kitambaa kikavu, halafu kwa kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji, kausha kivulini siku mbili. Usiifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Ngozi inataka hewa. Ifunike kwa shuka kuukuu au kitenge, uitundike kwenye kitundikio kipana ili mabega yasibonyee. Kama huna, ilaze sandukuni na karatasi za gazeti ndani ya mikono, na kifuko cha makala pembeni cha kunywa unyevu na harufu. Zipu ikikwama, paka mshumaa.

Simili. Hii ni plastiki yenye sura ya ngozi. Katika unyevu wetu inaanza kujimenya yenyewe baada ya miaka, hata kama haivaliwi. Hakuna dawa. Usitumie franga zako kuitengeneza. Ivae ikiwa bado nzima, kisha chukua zipu na vifungo kwa koti lingine.

Kabuti na makoti ya sufu. Anayekula sufu ni mtoto wa nondo, yaani funza wake. Anapenda giza na jasho. Kwa hiyo piga kabuti brashi, litundike juani saa moja au mbili kila mwezi, geuza mifuko na kola nje. Usilifue kwa maji ya moto, litanywea lisimtoshe hata mtoto. Tundu likiwa dogo, lifume mapema.

Jaketi nene zilizojazwa. Zile za pamba ya plastiki zinafuliwa kwa maji baridi. Zile za manyoya ya bata zikilowa hazina joto tena. Zianike siku kadhaa, ukizipiga piga kwa mkono mpaka mabonge yafunguke, vinginevyo zinaoza ndani.

Neno moja kuhusu usalama. Makoti mengi mazuri ya chaguwa ni ya majeshi ya Ulaya, rangi ya kijani au ya mabaka, mengine na kibendera mkononi. Hapa kwetu raia kuvaa nguo ya kijeshi ni marufuku, na kwenye barrière haina maelezo. Koti kama hilo tusimpe mtu wa safari. Fundi alitie rangi nyeusi na kubadilisha vifungo, au lihifadhiwe kama kumbukumbu na kuandikwa. Maisha ya mtu ni zaidi ya koti.

Tunachoomba

Kwa wanachama: msiuze kabuti la mzee kwa haraka kabla halijaandikwa. Tunapendekeza daftari moja la chama, ukurasa mmoja kwa koti moja: lebo, mwaka, njia, majina ya waliolivaa kama wenyewe wanakubali. Koti linabaki nyumbani kwa mwenyewe. Chama kinachukua habari tu.

Yale ambayo hayana mwenyewe, au ambayo mwenyewe anatoa kwa hiari, yaingie katika sanduku la kuazima. Mama anayepanda Bijombo na mtoto mgongoni, mgonjwa anayepelekwa Bukavu, mwanafunzi anayeanza masomo kule, aazime koti na alirudishe likiwa safi, kama tunavyoazima sufuria za msiba. Sufuria za msiba hazijawahi kutushinda, koti halitatushinda.

Kwa wafadhili: aksanti kwa makoti, na hapana, si ujinga kuyatuma Uvira. Lakini tuseme kweli kama ndugu. Koti 10 nzima zenye zipu zinazofunga ni msaada mkubwa kuliko balo nzima ya simili inayojimenya. Makoti ya watoto ndiyo yanayokosekana zaidi, kwa sababu huko juu watoto ndio wanaoumia kwanza. Na kabla ya koti jingine, tungependa masanduku ya bati yanayofunga vizuri, brashi, sabuni ya glisirini, sindano nene za ngozi, na malipo ya fundi kwa siku chache kila mwezi. Na ukituma koti lako mwenyewe, weka karatasi ndogo mfukoni: nilifika wapi, mwaka gani, na hili ndilo nililovaa. Tutalinakili katika daftari.

Njia zetu zinafungwa na kufunguliwa, hatujui kesho nani atapanda na nani atashuka. Lakini mtu akigonga mlango wa chama saa kumi na moja alfajiri kwa sababu analazimika kwenda penye baridi, tunataka pawe na koti kavu la kumpa, na jina la aliyelivaa kabla yake.